Mtu Mwenye Kitambaa

Mumbua mwanangu,

Salamu nazipita leo. Tumeamkiana asubuhi, tumegombania kioo, na saa hii uko kwa Shiru unasukwa nywele, nyumba sita tu kutoka hapa nilipokaa na kalamu. Kama ni zile nyembamba ulizokuwa unataka, nina masaa manne. Nikimaliza kabla hujarudi nitajiona msomi.

Mambo ya blanketi, sabuni na nani wa kumpigia simu ukifika Eldoret nimemwachia baba yako. Ameyaandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kwa namba, na namba saba na namba kumi na moja zinasema kitu kimoja: usilale na soksi zenye maji. Sijui ni nani aliyemwambia kwamba chuoni watu hulala na soksi zenye maji. Lakini mzee ni mwashi, amezoea kurudia tofali juu ya tofali, kwa hivyo ipokee hiyo kalenda kwa mikono miwili na usicheke mbele yake.

Mimi nataka tuzungumze juu ya riwaya yako.

Ndiyo, nimeisoma. Daftari zote nne. Uliponipa ulisema, "Mathe, soma tu kidogo, ukichoka uwache," na nimechoka mara nyingi na sikuacha. Nimeisoma kibandani Soko la Toi, nimeificha chini ya nguo za wateja kama mtoto anayekula sukari. Kuna jamaa alikuja kuchukua suruali akanikuta nimefika pale Nduku anaingia ndani ya bomba la maji machafu kuwakimbia askari. Nikamwambia arudi kesho. Suruali ilikuwa tayari, imekunjwa, iko mbele yake. Alirudi kesho yake kweli, akaniuliza kama ninaendelea vizuri kiafya.

Ngoja nikwambie nilivyoielewa, ili ukiona nimepotea ujue nilipotelea wapi. Ni Nairobi ya miaka mingi ijayo. Kila mlango umepakwa namba nyekundu, na asiye na namba hapewi maji, hapewi shule, hata jina lake halitajwi hadharani. Wanaotawala wanaitwa Idara. Msichana anaitwa Nduku anaamka siku moja anakuta namba ya mlango wao haipo. Aliyeifuta ni mtu wa Idara ambaye hatujui sura yake, anayepita usiku akiwa na kitambaa mkononi. Umemwita Mtu Mwenye Kitambaa. Nduku anamsaka huyo mtu daftari zote nne, anapigana, analia, anatoroka, na hampati. Unamaliza akiwa bado anamtafuta.

Ni nzuri, Mumbua. Sisemi kwa sababu nilikuzaa. Mimi nimeshona miaka ishirini na mbili na najua kazi iliyofanywa na mtu anayejua na kazi iliyofanywa na mtu anayetaka kwenda nyumbani mapema. Yako ni ya mtu anayejua.

Lakini unakumbuka ulivyonifundisha habari ya migogoro? Ulikuwa kidato cha nne, unajitayarisha kwa mtihani, na mimi nakaanga vitunguu. Ulikuwa unazunguka humu ndani na rula mkononi kama mwalimu mkuu. Ukasema, "Mathe, kwa riwaya ya distopia, migogoro iko aina tano. Si unisikize?" Nikakuuliza distopia ni mnyama gani. Ukasema ni dunia ambayo kila kitu kimeharibika na watu wamezoea. Nikauliza, "Kwa hivyo ni Kawangware mvua ikinyesha?" Ukacheka mpaka rula ikaanguka, halafu ukanijibu, "Zii, Mathe. Hapa bado hatujazoea." Nililipenda hilo jibu. Vitunguu viliungua siku hiyo na sikujuta.

Basi nimesoma nikiwa na hiyo migogoro yako mitano kichwani, na ninayo ya kusema.

Ule wa mtu na serikali umeupika ukaiva. Niliwachukia Idara hadi nikakata kitambaa cha mteja vibaya. Ila watu wako wa Idara hawasikii njaa, hawatoki jasho, hawaombi hata maji ya kunywa. Mimi nimewahi kuwaona watu waliotumwa kupaka namba milangoni, na mmoja wao mfuko wa suruali ulikuwa umepasuka na anajaribu kuufunika na mkono. Nitarudi kwa huyo kijana, usiwe na haraka.

Ile mashine yako inayotambua hatua za kila mtu ilinitisha sana, nikaanza kuiangalia cherehani yangu kwa jicho baya. Halafu ikanivunjia sindano mara mbili kabla ya saa nne, nikakumbuka kwamba mashine ninazozijua mimi hazina akili ya kumwonea mtu, zina ukaidi tu. Tafuta mahali, hata ukurasa mmoja, mashine ya Idara iharibike, waite fundi, fundi aseme yuko njiani, na asifike. Wasomaji wako watakuamini zaidi.

Na mvua ya sumu! Ni ya kutisha, lakini umewaacha watu wote ndani wanatetemeka. Hakuna hata mmoja anayekimbia kuanua nguo. Mwanangu, hata kama mvua yenyewe ni ya moto, kuna mama mahali fulani ataikimbilia kamba.

Mgogoro wa mtu na mtu mwenziwe sina shaka unaujua, maana ulifanya mazoezi na mimi. Ule mwaka ulipoanza kuandika, sura ya tatu ukaiandika kwenye karatasi zisizo na mistari ukaziacha juu ya meza. Mimi nikatafuta karatasi ya kukatia kiolezo cha kola, nikaona hizo, nzuri, ngumu kidogo. Uliporudi ulikuta sura ya tatu imekuwa kola kumi na mbili na mkono mmoja wa blauzi. Ulininyamazia wiki nzima. Ulikuwa unamwambia baba yako, "Mwambie Mathe chai iko tayari," na mimi nimekaa hapo hapo, magoti yetu yanagusana. Niliomba msamaha siku ya kwanza lakini niliomba vibaya, nikaongeza kwamba karatasi zilikuwa zimezagaa. Siku ya saba niliomba bila kuongeza kitu, na ukanijibu. Nilijifunza hapo kwamba msamaha ukiuwekea kiraka hauvaliki. Nilikuwa na zaidi ya miaka arubaini. Nimechelewa kujua vitu vingi.

Sasa tufike kwa ule wa tano. Siku ile ya vitunguu uliinua rula juu ukasema, "Na wa mwisho ni mtu na nafsi yake. Huu ndio unabeba riwaya. Ukikosekana, hiyo story ni kelele tupu." Niliyakumbuka maneno hayo nikiwa daftari la tatu, kwa sababu niliona haumo. Nduku hakosei, Mumbua. Hakosei hata mara moja. Anaonewa, anaumia, anapambana, na muda wote yeye ndiye aliye sawa. Nimeishi na watu wengi, wema kwa wabaya, na sijakutana na mtu aliyekuwa sawa daftari nne.

Na ninajua kwa nini haumo. Hukuusahau. Hadithi yenyewe uliipata kwangu, na mimi nilikupa nikiwa nimeshautoa huo mgogoro.

Ukurasa wa kwanza kabisa umeandika tabaruku, yale maneno ya kumtunukia mtu kitabu. Umeandika: "Kwa mama yangu, ambaye namba ya mlango wake ilifutwa na serikali." Nilipoyasoma nilifunga daftari nikalilalia na kiwiko. Ilinichukua siku mbili kulifungua tena.

Serikali haikuifuta namba yetu, mwanangu. Niliifuta mimi.

Ulikuwa darasa la pili. Tulikuwa tunaishi Kibera, ile ploti ya vyumba vinane karibu na Makina. Chumba cha mwisho kilikuwa chetu, na kilichopakana nacho kilikuwa cha Mama Salma, huyu huyu wa viazi karai, ambaye wewe na Salma wake mlikuwa mnakula sahani moja hadi watu wanauliza nani ni wa nani. Mama mzazi wa Mama Salma aliugua huko Mombasa, naye akaenda kumuuguza mwezi mzima na watoto wake wote. Aliniachia ufunguo. Aliniambia, "Mama Mumbua, niangalilie mlango." Ni hayo tu aliyoniomba.

Chifu akaita mkutano. Ploti nzima ikaenda. Mimi nilikuwa na sare za shule za kushona, na zaidi ya hizo sare nilikuwa na mdomo. Nikasema pale uani kabla hawajaondoka, kila mtu anasikia, kwamba mikutano ni ya watu wasio na kazi. Watu wakacheka, nikafurahi kwamba nimechekesha.

Wiki iliyofuata wakaja vijana na kopo la rangi nyekundu. Wanauliza jina, wanauliza mnalala wangapi, wanaandika kwenye karatasi, halafu wanapaka namba mlangoni. Nilijibu ya kwetu na nikajibu ya Mama Salma, hata umri wa Salma niliujua. Yule mwenye mfuko uliopasuka nilimshonea akiwa amesimama hapo, amenipa mgongo, ameshika kopo. Nilikuwa naye dakika kumi nzima, na sikumuuliza hizi namba ni za kazi gani. Ningeuliza, ningekuwa nimekiri kwamba ule mkutano ulikuwa na maana, na wale niliowacheka walikuwa wote uani.

Siku mbili baadaye niko Toi, mteja mmoja anajaribu blauzi. Namwambia tumeandikiwa namba. Akanishika bega akasema, "Nyekundu? Pole, mama. Hizo ni za tingatinga." Nikaamini papo hapo. Kwani sote hatukuwa tumeona alama nyekundu kwenye nyumba za kando ya barabara, na baada ya wiki nyumba hazipo?

Umeandika kwamba Mtu Mwenye Kitambaa anakuja usiku wa manane, amevaa koti refu jeusi, hana uso. Basi nikwambie alivyokuwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, uani hakuna mtu, na alikuwa amevaa leso na ndara moja nyekundu na moja ya bluu. Alikuwa na chupa ya soda yenye tina ya baba yako, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, na kipande cha shati la mitumba. Alipanda juu ya stuli akafuta namba ya kwake. Halafu akauangalia mlango wa jirani, akakumbuka ameombwa auangalilie, akahamisha stuli. Wa jirani aliufuta vizuri zaidi, akatoa na kutu kwenye kufuli. Na alikuwa anaimba, Mumbua. Niliimba muda wote.

Baba yako aliporudi alinusa akauliza nani anapaka rangi. Nikamweleza. Akasema mimi nina akili kuliko ploti nzima, na siku hiyo tukala nyama. Majirani waliobaki na namba zao niliwaonea huruma.

Hapo nilikuwa mjinga tu, na ujinga wa siku moja ningeucheka mpaka leo. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike barua.

Baada ya wiki mbili wale vijana wakarudi na karatasi zao, wanalinganisha namba ya mlango na jina, na kila aliyelingana anapewa kadi. Kadi ilikuwa ya kuhamia nyumba mpya za ghorofa, maji ndani, choo ndani. Hayo ndiyo yaliyosemwa kwenye mkutano wa watu wasio na kazi. Yule kijana wa mfuko aliniona akatabasamu. "Mathe, namba yenu iko wapi?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Majina yetu yalikuwa humo, ya kwetu na ya Mama Salma, niliyatamka mwenyewe. Nilichotakiwa kusema ni, "Niliifuta, nilidhani ni ya kubomolewa, angalia hapo kwa karatasi." Maneno machache hivyo. Lakini ploti nzima ilikuwa imesimama pale na kadi mkononi. Nikasema, "Sijui. Labda nyinyi hamkutuandika."

"Na huyu jirani yako?"

"Hata yeye."

Aliniangalia. Alikuwa anajua, maana mkono wake ulikuwa ndani ya ule mfuko niliomshonea. Akasema polepole, "Sawa, Mathe. Tuko kwa ofisi ya chifu mpaka Ijumaa. Ukikumbuka kitu, ukuje."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne nilijiambia nitaenda baada ya kumaliza sare. Jumatano nilivaa viatu, nikafika hadi kwenye bomba la maji, nikarudi na ndoo niliyokuwa nimebeba ili ionekane nilienda kuchota. Alhamisi nilimkasirikia yule mteja wa blauzi siku nzima. Ijumaa nilishona mpaka vidole vikafa ganzi, na kila nilipoinua kichwa niliangalia jua limefika wapi. Likafika. Hakuna mtu aliyenizuia siku hizo tano. Idara haikumtuma mtu yeyote kwetu, mwanangu. Njia ilikuwa wazi na mimi nilikuwa na miguu.

Jumapili Mama Salma akarudi kutoka Mombasa, akaona kadi za wenzake, akaniuliza imekuaje sisi hatuna. Nikamwambia, "Serikali imetufuta." Akakaa pale kizingitini na mizigo yake. Wewe ulikuwa umesimama kando yangu na nusu ya mandazi mkononi, na ukaniuliza serikali ni nani. Nikakwambia ni watu wabaya.

Ukaniamini. Uliniamini vizuri sana, hadi ukaandika daftari nne.

Yaliyobaki unayajua. Wenzetu walihamia ghorofani, ploti ikabomolewa, sisi tukaja Kawangware, na Mama Salma akaingia chumba kimoja cha dada yake kule Makina na watoto watatu, na mpaka leo yuko hapo. Sisi hatujaishi vibaya. Kawangware imetupokea, na wewe umesoma hapa na umecheka hapa. Lakini Salma wake alisomea sakafuni, kwenye chumba cha watu saba, na mimi nilikuwa namshonea kila sare bila kuchukua chochote. Mama yake akawa ananiita mtu wa roho safi mbele ya wateja wake. Kila aliponiita hivyo nilitamani ardhi inimeze na viazi vyake mkononi.

Sikwambii haya ili uwahurumie Idara. Wako watawala wa kutisha, nimewaona, na kwenye riwaya yako usiwapunguzie hata kofi moja. Nakwambia kwa sababu unaenda mahali ambapo sitakuwepo, na kosa lako la kwanza kubwa litakukuta huko. Litakuja, wewe ni mtoto wangu. Na likija utaona ni rahisi sana kulipata koti refu jeusi na kumvisha mtu mwingine. Mimi nilimvisha mtu asiyekuwepo, nikaishi naye nyumba moja zaidi ya miaka kumi, na nakuhakikishia anakula nafasi.

Juzi Alhamisi nilikwambia naenda kununua zipu. Nilienda Makina.

Mama Salma alikuwa nje, karai iko motoni, anachovya viazi kwenye unga. "Ala, Mama Mumbua! Sasa? Uko poa? Huyu mtoto wetu anaenda lini?" Nikamwambia ni Jumapili. Nikamwambia nimekuja kusema kitu na nikikatizwa sitakimaliza. Nikasimulia kuanzia kwenye tina. Nilipofika pale nilipohamisha stuli na kuanza kuimba, alicheka. Alicheka hadi akajishika mbavu na mteja akacheka naye bila kujua sababu. "Wewe! Na ulitoa hadi kutu!"

Halafu nikasimulia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Viazi vilikuwa rangi ya dhahabu, vikawa kahawia, vikawa vyeusi, na alikuwa anavigeuza tu. Mwishowe akasema, "Hiyo ya kufuta nimekusamehe hata kabla umalize kusema. Hii ingine, ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka nikasirike kwanza. Miaka hiyo yote hukunipatia hata nafasi ya kukasirika. Nilikuwa nakasirikia serikali bure, na haikuwa hata inasikia." Akachota vile viazi vyeusi akaviweka kando. "Enda nyumbani, Mama Mumbua. Na huyo mtoto, ameambiwa?"

Nikasema bado.

"Basi unangoja nini?"

Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, alinipigia simu. Hakunisalimu. Akasema, "Jana nilikukasirikia kutoka asubuhi mpaka saa saba, halafu wateja wakawa wengi. Jumatatu ukuje nimalizie." Nikamwambia nitakuja saa tatu. Akasema, "Kuja saa mbili. Niko na mengi. Na ukuje na hiyo sindano yako, pazia langu limeraruka." Akakata. Nilibaki nimeishika hiyo simu nikicheka na kulia, na wewe ukatoka bafuni ukaniuliza ni nani, nikakwambia ni mtu wa pazia.

Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwako, na ulikuwa nusu kweli.

Tabaruku yako iondoe au iache, au uandike nyingine. Wewe ndiye mwandishi na sitakuuliza. Nduku akitaka kuendelea kumtafuta Mtu Mwenye Kitambaa, sasa unajua anakaa wapi na anavaa ndara gani. Ukitaka kujua kilichokuwa kichwani mwake hizo siku tano, nitakujibu swali lolote, hata lile la aibu zaidi.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya begi lako, katikati ya nguo, uikute ukishafika huko. Nilikuwa nimeshanunua hata bahasha. Mama Salma amenionyesha kwamba ule ungekuwa wizi mwingine. Ungesoma peke yako kwenye chumba cha watu usiowajua, ungekasirika na hakuna wa kumkasirikia, na mimi ningekuwa huku salama, nashona.

Kwa hivyo bahasha nimempa baba yako aweke misumari. Nasikia sauti yako langoni, unabishana na mtu kuhusu nywele. Nimekuwekea kiti, nimefunga mlango, cherehani nimeifunika. Basi lako ni kesho saa moja asubuhi, na sasa ni saa tisa tu. Nakupa barua mkononi, usome mpaka hapa, ninaangalia uso wako, halafu unikasirikie. Sitasema karatasi zilikuwa zimezagaa.

Mimi niliyekaa mbele yako,
Mama